Laki saba zilivyoniishia kwa baiskeli ya laki mbili na arobaini

Nianze na hesabu maana ndo inayouma. Baiskeli ninayoendesha leo niliinunua 240,000. Ila ukijumlisha na mbili nilizonunua kabla yake nikaziuza kwa hasara, na matairi ambayo hayakuingia, na fundi aliyegonga nyundo bure, hadi hii ya tatu ikakaa sawa ilikuwa imenitoka 744,000. Helmeti, taa na kufuli sijaweka hapo. Mume wangu hii hesabu aliiona juzi kwenye daftari, akakaa kimya, akaenda kunywa maji.

Sasa kama na wewe umechoka kugombania gari asubuhi na unawaza baiskeli ya kwendea kazini kwenye lami, soma kwanza halafu ndo utoke na hela yako.

Mimi nakaa Kimara, Dar, kazini ni Upanga, nashukia kituo cha Fire kama napanda basi la mwendokasi. Kama kilomita 13 hivi. Shida haikuwa umbali, shida ilikuwa bodaboda ya kutoka ndani huko mpaka barabarani, halafu foleni ya kuingia kwenye basi, halafu kusimama umebanwa mpaka unashuka nguo imekunjika kama imetoka kwenye furushi. Kwa siku ilikuwa inanitoka kama 3,500 kwenda na kurudi. Nikaangalia pembeni ya Morogoro Road nikaona njia ya baiskeli ipo, ilijengwa pamoja na barabara ya mwendokasi, watu wenyewe wanaopita ni wachache, nikasema mbona rahisi. Nilikuwa na miaka 34 na mara ya mwisho kuendesha baiskeli nilikuwa darasa la sita kule Dodoma, Phoenix ya baba, napitisha mguu chini ya bomba kwa sababu juu sifiki.

Baiskeli ya kwanza nilinunua Kariakoo. Nilishuka tu, winga akanidaka, "dada unatafuta nini, twende nikupeleke dukani bei ya jumla". Nikapelekwa. Dukani zimening'inizwa zinang'aa, nyekundu, nyeusi, matairi manene yana meno kama trekta, shokapu mbele na shokapu nyingine katikati chini ya siti, gia 21. Nikauliza ipi nzuri kwa lami. Jibu nililopewa, "hii dada inapita popote, lami, vumbi, tope". Nikalipa 320,000 na winga akapata chake bila shaka.

Inapita popote kweli. Tatizo inapita kwa nguvu zako. Zile shokapu za bei ya chini ukikanyaga pedeli baiskeli inanesa juu chini, nguvu nyingine inaishia kwenye springi, haifiki kwenye tairi. Yale meno ya tairi kwenye lami yanavuma vuuuu njia nzima, unafika umechoka na masikio pia yamechoka. Kwenda kulikuwa afadhali maana Kimara mpaka Ubungo ni kuteremka, kurudi ndo nilikuwa nalia. Kuanzia pale Ubungo ukiupanda ule mlima, Kibo, Baruti, Bucha, Korogwe, mimi nilikuwa nashuka nasukuma, na wamama wa mbogamboga wa pale barabarani walishanizoea, kila jioni "pole mwanangu, imeharibika tena?" Haijaharibika mama, ndo ilivyo.

Siku moja nikaipeleka kwenye duka la nafaka la jirani, nikamuomba aipime kwenye mzani wa magunia. Kilo 18 na nusu! Yaani kila jioni nilikuwa napandisha mlima na ndoo ya maji juu yake.

Miezi minne nikaiuza 150,000 kwa kijana wa mtaani kwetu. Hasara 170,000.

Hapo ndo nikaanza kuuliza watu wanaojua. Mfanyakazi mwenzangu ambaye alikaa Ujerumani kusoma akaniambia unachotafuta kinaitwa haibridi, wengine wanaita "city", yaani ya mjini. Iko katikati ya ile ya mashindano na ile ya milimani. Usukani umenyooka kwa hiyo huinamishi mgongo kama unatafuta kitu chini, ringi kubwa kama za ile ya mashindano, tairi la upana wa kati, milimita 35 mpaka 45 hivi, halina meno, lina mistari tu, na gia za kutosha kwa mlima. Zinakuja nyingi za mtumba kutoka Ulaya, na mara nyingi zina madigadi na keria tayari kwa sababu wenzetu kule wanaendea kazini na sokoni. Nilipomuuliza kuhusu shokapu akacheka akasema kwenye lami tairi lenye upepo sahihi ndo shokapu yako, ile ya mbele ya bei chee ni kubeba chuma bure. Aliyoniambia yalikuwa kweli yote, ila yeye hakununua mtumba wa Dar, kwa hiyo hakuniambia yale ya hapa kwetu.

Nikaenda kwenye yadi moja ya mtumba upande wa Ilala, kontena lilikuwa limefunguliwa wiki hiyo. Zimelaliana kama samaki. Nikaipenda moja ya kijani iliyokolea, alumini, nyepesi kweli ukiinyanyua, gia 24, imeandikwa 56 pale kwenye bomba la fremu chini ya siti. Hiyo 56 sikujua ni nini, nikadhani modeli. Siti ilikuwa juu mno kwangu, mimi ni mfupi, sentimita 160. Muuzaji akajaribu kuishusha haishuki, akasema "hiyo fundi anaishusha dakika mbili tu dada". Nikalipa 260,000 nikaisukuma mpaka barabarani nikiwa na furaha kama nimepata gari.

Naomba nisimame hapa kidogo maana hii sentensi ya "fundi anaishusha dakika mbili" imenigharimu kuliko kitu kingine chochote. Bomba la siti la alumini likikaa kwenye fremu miaka bila kutolewa wala kupakwa grisi, tena likapigwa na chumvi na unyevu, linashikana na fremu linakuwa kitu kimoja. Yangu ndo ilikuwa hivyo. Fundi wa kwanza, kijana wa pale stendi, alimwaga mafuta, akagonga, akalishika kwa spana ya bomba akalizungusha na siti yote, wapi. Siku mbili. Akanichaji 25,000 na siti iko palepale, ila sasa ina makovu. Nilipomlalamikia akaniambia "mama mimi nimeuza nguvu, sikuuza matokeo". Hasira ziliniisha palepale nikabaki nacheka.

Kwa hiyo nikawa naiendesha hivyohivyo, nikisimama nagusa chini kwa vidole vya mguu mmoja. Wiki ya pili, pale Manzese karibu na daraja la waenda kwa miguu, bodaboda kaniingilia ndani ya njia ya baiskeli, nikafunga breki, nikatafuta ardhi kwa mguu, ardhi haipo. Nilianguka kiubavu kama gunia la mkaa. Goti, kiwiko, na begi la chakula likamwagika, maharage yote barabarani. Wauza nguo wakakimbia kuniokota, wakanipa maji, na baada ya kuona sijavunjika ndo wakaanza kucheka. Sikulia pale. Nililia nyumbani bafuni, si kwa maumivu, ni kwa sababu niliona nimefanya ujinga wa laki sita na bado sina usafiri.

Na bado haijaisha! Matairi yaliyokuja nayo yalikuwa na mipasuko midogomidogo pembeni, kama visigino wakati wa kiangazi. Nilikuwa nimeiona nikadhani ni vumbi. Mpira ukikaa miaka unakauka hata kama meno bado mapya. La nyuma likapasuka Magomeni Mapipa saa moja asubuhi, mlio kama bastola, watu wakainama. Mimi nikasema sawa, ni tairi tu, nikauliza fundi wa pale saizi gani, akaangalia kwa jicho, "ishirini na nane hiyo". Nikanunua mawili kabisa nibadilishe yote, 18,000 kila moja.

Hayakai. Yanapwaya. Unaweka upande huu yanatokea upande ule.

Ndo nikampata babu. Kuna mzee fundi baiskeli huku kwetu Kimara, ana banda dogo la mabati chini ya mwarobaini, mimi nilikuwa nampita kila siku sijawahi kusimama kwa sababu anatengenezaga Phoenix za wauza mkaa na maziwa, nikajua haya ya gia hayajui. Nikamsalimia shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikamuonyesha. Hakugusa hata spana. Alichukua tairi langu jipya na lile lililopasuka akaniambia soma hapo. La zamani limeandikwa 42-622. Jipya 40-635. Akasema hiyo namba ya pili ndo kipenyo cha pale tairi linapokalia kwenye ringi kwa milimita, zote mbili watu wanaziita 28 lakini moja ni ya Phoenix na nyingine ni ya hizi za Ulaya, zinapishana milimita 13, hazitakuja kuingiliana mpaka kiama.

Nilikaa kwenye kile kigoda chake nikashika tama. Elfu 36 kwenye milimita 13. Nikayarudisha dukani wakaniambia mali ikitoka imetoka.

Babu akanifundisha mengine palepale huku anaziba pancha za watu. Kwamba 700C ndo hiyohiyo 622. Kwamba hata 26 si moja, kuna 26 ya baiskeli za milimani ambayo ni 559, na kuna 26 ya zile za Kijapani zenye kikapu mbele, ile inayoandikwa 26 x 1 3/8, hiyo ni 590, na mtu akikuuzia ya 559 kwa sababu tu imeandikwa 26 utakaa kwenye kigoda kama mimi. Kwa hiyo usiulize "ishirini na nane ipo?", uliza namba yenye tarakimu tatu, au bora zaidi piga picha ubavu wa tairi lako uwe nayo kwenye simu. Nikapata ya 622 baada ya kuzunguka maduka matatu Kariakoo, 35,000 kwa moja, 70,000 mawili.

Siti nayo babu aliitazama akaniambia mjukuu wangu hii ukilazimisha utapasua fremu, na alumini si chuma, huyu mchomeleaji wa mageti hapa hawezi kuichoma, tafuta mtu mrefu. Ni ushauri bora kuliko yote niliyopewa na fundi mwaka ule. Nikamtafuta mtu mrefu. Nilimpata, kijana mmoja mlinzi, akakaa juu ya siti ikamkaa kama kashonewa, nikamwambia ukweli wote kwamba haishuki haipandi, akasema mimi nishakua dada, siongezeki tena. 140,000. Ukitoa zote, hii ya pili nilipoteza 251,000. Bado namuona asubuhi Shekilango anapita ananipungia mkono na matairi yangu mapya.

Ya tatu sasa. Hapa nilijiandaa kama naenda kupima kiwanja. Kwenye begi nilibeba tepu ya cherehani, rula ya mwanangu ya shule, tambara na spana. Na nilikuwa nimejipima nyumbani: unasimama bila viatu umeegemea ukuta, unabana kitabu kigumu katikati ya miguu mpaka juu kabisa kama umekalia siti, mtu anapima toka juu ya kitabu mpaka sakafuni. Mimi ni sentimita 72. Unazidisha na 0.66 unapata saizi ya fremu kwa haya mabaiskeli ya haibridi, kwangu inakuja kama 47 na nusu. Ile ya kijani ilikuwa 56! Kumbe ile namba niliyodhani ni modeli ilikuwa inanipigia kelele tangu yadini.

Nilizunguka yadi mbili, Jumamosi tatu. Msinunue siku ya kwanza jamani, hata ikikuita jina.

Nilikuwa natafuta fremu ya wazi katikati, zile ambazo hazina bomba la juu, watu wanaita za kike. Muuzaji mmoja akaniambia hizo ni laini zinavunjika, uongo, Uholanzi kila mtu anapanda hizo na watoto wawili nyuma. Kwa mtu mfupi, au anayevaa sketi, au mwenye mzigo kwenye keria, kutorusha mguu juu ni raha ambayo huwezi kuielezea mpaka ujaribu. Kinachobaki ni kuangalia mikono, ukishika usukani viwiko viwe vimelegea kidogo, kama umejinyoosha kama unafukuza kuku basi ni ndefu kwako.

Nikaikuta moja ya bluu iliyofifia, 48, ya chuma na si alumini, imekwaruzwa hovyo, ina gia 21 na madigadi na keria. Haivutii kabisa. Nikaanza kazi. Kwanza spana, nikalegeza siti, nikaishusha, nikaipandisha, ikateleza vizuri. Ilibaki kidogo niibusu. Halafu nikanyanyua gurudumu nikalizungusha naangalia ringi ikipita kwenye raba za breki, inayumba kidogo sana, sawa. Nikaishika ringi nikaisukuma kushoto kulia, kama inacheza kuna beringi zimekwisha, haikucheza. Nikashika mikono ya pedeli nayo nikaitikisa. Nikapitisha kidole kwenye spoki zote. Nikafuta uchafu kwa tambara pale mabomba yanapokutana, hasa chini ya usukani, natafuta ufa, kwa sababu rangi ikipasuka kama uzi pale ujue baiskeli iligonga.

Halafu rula. Hii nilifundishwa na yule mwenzangu wa Ujerumani na ni ya bure kabisa. Cheni ikiwa mpya, pini kwa pini, jozi 12 za vipande, yaani vipande 24, zinakaa inchi 12 kamili, na rula ya shule ndo inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja, angalia pini ya 24 baada ya hiyo iko wapi. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechoka, badilisha. Ikizidi kwa moja ya nane basi jua na meno ya gia za nyuma yameshaliwa, ukiweka cheni mpya peke yake itakuwa inaruka. Yangu ilizidi moja ya nane. Kwa hiyo nikajua kabla ya kulipa kwamba kuna cheni na friwili (hayo meno ya gia za nyuma) mbele yangu, nikamwambia muuzaji, akasema wewe dada ni mkaguzi wa TRA au? Alianzia 300,000. Tukabishana juani pale, nikaondoka, akaniita, nikarudi, nikaondoka tena, tukamalizana 240,000.

Nikapiga picha namba ya fremu, iko chini kabisa pale pedeli zinapoingia, na nikaomba aniandikie karatasi ya mauziano yenye hiyo namba, jina lake na sahihi. Alinung'unika akaandika. Baiskeli za wizi zipo, na siku ukisimamishwa uulizwe umeitoa wapi, "nilinunua yadini" haitoshi.

Kwa babu ilikula cheni 15,000, friwili 30,000, raba za breki 8,000, waya 10,000, na ufundi 20,000. Jumla 83,000. Hapo kwenye cheni angalia tena: cheni ya Phoenix ni pana, hii ya gia ni nyembamba, fundi asiye na uzoefu atakuwekea ile pana ikugandie. Babu alinituma ninunue mwenyewe, akanipa kipande cha ile ya zamani kama sampuli, nenda nacho usiseme neno onyesha tu.

Kwa nini nilichagua ya chuma wakati alumini ni nyepesi? Kwa sababu ya babu. Niliipima kwenye ule mzani wa nafaka, ni kilo 14 na kitu, si nyepesi sana, lakini keria ilipokatika miezi mitatu baadaye, mchomeleaji wa mageti aliichoma kwa 3,000. Friwili ya gia saba inapatikana. Breki ni zile za raba, si za diski, raba kila duka zipo. Pale yadini palikuwa na nyingine nzuri sana zenye gia ndani ya habu ya nyuma (pale katikati ya gurudumu), tulivu, hakuna kinachoning'inia, na moja ya Kiholanzi ambayo breki yake unakanyaga pedeli kurudi nyuma (nilijaribu, nikasahau, nikasimama ghafla nusu nianguke). Nilizitamani. Ila nikajiuliza swali moja tu, hii ikiharibika Jumatatu, Jumanne naendaje kazini? Baiskeli ya bei nafuu ambayo kipuri chake kipo Hamburg si ya bei nafuu hata wakikupa bure.

Kitu kimoja kilinishinda kukiona hata na rula yangu: mdomo wa kujazia upepo. Ni zile nyembamba zenye kikokwa juu unakilegeza kwanza. Pampu ya babu haikushika, ya sheli haikushika. Babu alitaka kutoboa ringi aipanue tuweke tyubu za mdomo mnene kama wa gari, ningekubali, ila nikakuta Kariakoo kuna kikofia cha shaba cha 2,000 unakifunga pale juu unakuwa mdomo wa gari. Nina viwili, kimoja kwenye baiskeli kimoja kwenye pochi, kwa sababu cha kwanza nilikisahau sheli siku ya pili tu. Na kijana wa sheli atakuuliza "niweke thelathini kama gari?" Hapana. Soma ubavuni mwa tairi, wameandika kiwango cha juu. Mimi nina kilo 64 na tairi la 42, naweka PSI 55 nyuma na 50 mbele, kila Jumapili jioni. Nilipokuwa naendesha na upepo mdogo nilikuwa napata pancha kila wiki, ukipiga shimo ringi inabana tyubu inatoboka matundu mawili kama nyoka kauma.

Helmeti 40,000, kufuli 25,000, taa mbele na nyuma 15,000. Taa usiache, huku saa moja usiku giza limeshaingia na bodaboda wanapita kwenye njia yetu bila taa wala aibu. Hiyo njia ya baiskeli yenyewe usiitegemee sana, kuna sehemu za Manzese ni soko, kuna magari yameegeshwa, unapanda unashuka. Siti iweke kiasi kwamba ukiweka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa mguu unanyooka, ukija kukanyaga kwa mbele ya unyayo goti linabaki limekunjika kidogo. Nilipoipandisha vile magoti yaliacha kuuma ndani ya wiki moja, na mimi nilikuwa nimeshaanza kunywa dawa.

Natoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo kabla jua halijawa kali, nafika baada ya dakika 50, narudi kwa saa moja na kidogo. Nafika nimelowa jasho, hilo la Dar halina dawa, nina taulo dogo na blauzi kwenye droo ya ofisi na wenzangu walishaacha kuuliza. Mlima wa Kimara napanda kwa gia ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma, polepole, kuna wazee wanaotembea wananikaribia, lakini sishuki. Yule mama wa mchicha pale Bucha siku ya kwanza kuniona nimekaa juu alipiga vigelegele.

Mwaka huu mvua zilipokolea nilijaribu kupita Jangwani siku moja maji yamejaa, nikageuka. Siku kama hizo naifunga baiskeli kwenye nondo za dirisha, naipaka cheni mafuta, nabeba kikofia changu cha shaba kwenye pochi kwa mazoea tu, naenda kupanga foleni ya mwendokasi.